Udaktari, kwa kuanzia koleji ya jamii

Hapa Columbus, Ohio, ukimwambia Mswahili mwenzako kwamba unasoma koleji ya jamii, vile vyuo vya umma vya miaka miwili, haulizi unasoma nini. Anauliza unesi umeufikisha wapi. Swali lina sababu zake. Wengi wetu tuliingia mji huu kwa mlango mmoja: mafunzo ya wiki chache ya kusaidia wauguzi, mtihani wa jimbo, kisha zamu za usiku katika nyumba za kulelea wazee. STNA, ndilo jina tulilozoea Ohio. Ukishakuwa STNA, ngazi unayoiona mbele yako ni uuguzi, na ni ngazi yenye heshima kubwa. Imejenga nyumba Mombasa, Mbagala na Chake Chake, imelipa ada za wadogo zetu, imewapeleka wazee Hija. Basi ninapojibu kwamba sisomei uuguzi, kwamba ninamaliza masomo yanayotakiwa kabla ya kuomba skuli ya udaktari, mtu hunyamaza kidogo, halafu huuliza: "Udaktari? Kwenye koleji ya jamii?" Ami yangu wa Pemba aliniuliza hivyo hivyo kwa simu, akaongeza na la kwake: "Mwanangu, si ungerudi ukasome SUZA, iko hapa hapa?" Yaani chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar.

Nataka kulijibu swali hilo la udaktari kwenye koleji kwa urefu, kwa sababu najua wapo wengi wanaolibeba moyoni wakiwa kazini, wakimgeuza mgonjwa saa tisa za usiku asipate vidonda vya mgongo, na hawalisemi kwa kuogopa kuambiwa wanaota. Jibu langu ni ndiyo. Kwa mtu mzima mwenye kazi, mwenye shahada ya nyumbani isiyo ya sayansi, mwenye kodi ya kulipa na watu wanaomtazama kule kwao, sijaona mahali pazuri zaidi pa kuanzia. Ila ni lazima ajue koleji inamfikisha wapi, na kutoka pale aende wapi.

Kwetu, udaktari huamuliwa mapema. Kidato cha tano ukichukua PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, ukafaulu vizuri, unaingia Muhimbili, Bugando, KCMC au hiyo SUZA ungali kijana kabisa. Miaka mitano ya darasani na wodini, mwaka mmoja wa mafunzo kazini, basi. Kenya ni miaka sita baada ya sekondari. Utaratibu huo una uzuri wake, lakini mimi nilichukua ECA. Nilisoma uchumi, biashara na uhasibu, kisha nikasomea shahada ya uhasibu Dar es Salaam, kwa sababu nyumbani ndiyo iliyoonekana kuwa na ajira. Ami hakulifikiria hilo. Hata ningerudi kesho, SUZA isingenipokea kwenye udaktari na cheti cha ECA. Ningelazimika kurudia kidato cha sita.

Marekani mambo yamepangwa kwa namna nyingine. Udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shahada hiyo inaweza kuwa ya chochote: historia, muziki, uhasibu. Kinachotakiwa ni kwamba, pamoja na shahada hiyo, uwe umesoma sayansi fulani na kuzifaulu vizuri, ufanye MCAT, mtihani wa kuombea skuli ya udaktari, uwe umekaa karibu na wagonjwa, halafu uombe. Ukikubaliwa ni miaka minne ya skuli, kisha mafunzo ya ubingwa ya miaka mitatu hadi saba kutegemea fani. Ni safari ndefu kuliko ya kwetu. Lakini mlango hauna umri, na hilo peke yake ndilo lililonifanya, mhasibu mzima, nikae mbele ya kompyuta usiku mmoja nikisoma orodha ya masomo huku chai ikipoa.

Orodha yenyewe si siri. Skuli nyingi zinataka mwaka wa baiolojia, mwaka wa kemia ya jumla, mwaka wa kemia ogani, ile ya misombo ya kaboni, na mwaka wa fizikia, yote pamoja na maabara zake. Juu yake kuna muhula wa baiokemia, uandishi wa Kiingereza, na mara nyingi takwimu. MCAT ilibadilishwa mwaka 2015 ikaongezwa sehemu ya saikolojia na sosholojia, kwa hiyo watu husoma na hayo. Mtihani huo unakuweka kitini zaidi ya saa saba ukihesabu na mapumziko, na alama zake huanzia 472 hadi 528.

Sasa mtu kama mimi ayasome wapi haya yote? Vipo vyuo vyenye programu maalumu za watu wenye shahada wanaogeukia udaktari; Bryn Mawr na Goucher ni maarufu kwa hilo. Ni programu nzuri, za mchana, za mwaka mmoja na kitu, na zinagharimu makumi ya maelfu ya dola. Anayesoma pale hawezi kufanya zamu. Vipo vyuo vikuu vya serikali ya jimbo, ambako madarasa ya kemia ya mwaka wa kwanza hujaza kumbi za mamia ya wanafunzi. Na zipo koleji za jamii.

Kwa wasiozijua: koleji ya jamii ni chuo cha umma cha miaka miwili, kinachopokea kila mkaazi wa eneo lake aliyemaliza sekondari. Ya kwanza ya umma inayoendelea mpaka leo ni ile ya Joliet, Illinois, kusini-magharibi ya Chicago, iliyofunguliwa 1901 na wanafunzi sita. Fikra ya wakati ule ilikuwa kwamba miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu inaweza kusomwa karibu na nyumbani. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo vya namna hii vienezwe nchi nzima, na leo viko kama elfu moja. Shirika la College Board lilikadiria kwamba kwa mwaka wa masomo 2023–24 ada ya mkaazi wa eneo ilikuwa kama dola 4,000 kwa mwaka, wakati chuo kikuu cha umma cha miaka minne kilikuwa zaidi ya dola 11,000 kwa mkaazi wa jimbo. Tofauti hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Ni tofauti kati ya kulipa muhula kwa mshahara wako na kuanza kukopa kabla hata hujajua kama kemia mtaelewana.

Hapa kuna jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui, na laiti lingesemwa misikitini na makanisani kila Septemba. AMCAS, mfumo ambao skuli nyingi za udaktari hupokelea maombi, haupokei transkripti za vyuo vya nje ya Marekani na Kanada, ukiacha hali chache za pekee. Shahada yangu ya Dar es Salaam ni shahada halali, nilipeleka itathminiwe na ikatambuliwa kuwa sawa na ya hapa, lakini alama zake haziingii kwenye GPA ambayo skuli itaiona. Skuli nyingi hudai angalau mwaka mmoja au miwili ya masomo ya hapa hapa. Nyingine hudai krediti 90. Maana yake, mtu aliyesoma nyumbani anaanza na karatasi nyeupe. Ukiwa na karatasi nyeupe, mahali unapoandika mstari wa kwanza pana uzito, na ni bora pawe mahali ambapo mwalimu anakujua kwa jina.

Na la pili, linalouma zaidi: ukishakuwa na shahada ya kwanza, hata ya nje, hustahiki ule msaada wa serikali kuu uitwao Pell, ambao hauna kurudisha. Wenzangu waliokuja na cheti cha kidato cha sita tu wanaupata, na unaweza kulipa ada yote ya koleji na vitabu vikabaki na nauli. Kwa hiyo mdogo wako akifika leo na fomu sita mkononi, usimharakishe kwenda kununua shahada ya haraka ya mtandaoni ili apande cheo kazini. Akae kwanza ajue anataka nini.

Darasa langu la kemia huwa la jioni. Tunaanza saa kumi na mbili, tunatoka karibu saa nne usiku, na saa tano mimi naingia zamu. Darasani hatuzidi idadi ambayo maabara inaweza kubeba, ishirini na kitu. Waliokaa karibu yangu muhula wa kwanza walikuwa fundi umeme aliyechoka na ngazi, mama wa watoto watatu anayetaka kuwa mfamasia, kijana aliyetoka jeshini, na binti wa Kisomali ambaye kaka zake watatu wanaendesha malori. Hakuna aliyekuja kupoteza wakati. Mwalimu naye, kama walimu wengi wa jioni, ni wa muda, mchana ana kazi katika maabara ya kiwanda. Hana utafiti wake wa kukimbilia. Kazi yake pale ni kufundisha, na anafundisha kweli: anasimama nyuma yako ukisoma bureti, anakuuliza kwa nini umeandika tarakimu tatu badala ya nne, anangoja mpaka ujibu.

Muhula wa kemia ogani ndio niliotishwa nao kuliko yote. Kila uliyemuuliza alikuwa na hadithi ya mtu aliyeachia udaktari pale. Nami nakumbuka wiki za mwanzo kwa ugumu wake: mishale inayoonesha elektroni zinakotoka na zinakokwenda, molekuli mbili zilizo sawa kwa kila kitu ila moja ni ya mkono wa kulia na nyingine ya kushoto, na mwili unaitambua moja ukaikataa nyingine. Kisha ikafika siku ya karafuu.

Ni zoezi la kawaida la maabara linalofanywa katika vyuo vingi vya nchi hii: kukeneka mafuta ya karafuu kwa mvuke. Mwalimu aligawa karafuu kavu, gramu chache kila meza. Nilizichukua mkononi nikaona zilichumwa zimechelewa, nyingine zimeshafunguka. Waliokulia Pemba hawahitaji kuambiwa. Msimu ukiwa mkubwa nyumba nzima hukaa barazani kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, karafuu zikaanikwe juu ya majamvi. Makonyo nayo hayatupwi. Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kuna kiwanda cha makonyo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kinachotoa mafuta, na upepo ukiwa upande wako harufu inakufuata njiani. Nikiwa mtoto niliwahi kuuliza kwa nini wanapitisha mvuke, kwa nini wasikamue tu kwa mashine. Mtu mzima niliyemuuliza alinijibu kwamba ndivyo yanavyotolewa.

Jibu lilinifikia Ohio. Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzijoto 254, joto kali linaloweza kuiharibu. Lakini maji na mafuta havichanganyiki, na vikipashwa moto pamoja kila kimoja hutoa mvuke wake bila kumtegemea mwenziwe. Mikandamizo ya mivuke hiyo miwili hujumlishwa. Jumla ikilingana na mkandamizo wa hewa, vyote viwili vinapanda pamoja, na hilo hutokea kabla ya nyuzi 100. Mvuke unayabeba mafuta na kuyatoa mazima. Kilichotiririka kwenye chupa yangu kilikuwa cheupe kama tui jepesi, na maabara yote ikanuka Pemba. Tukatia alkali: yujenoli ni fenoli, ina uasidi kidogo, kwa hiyo ikageuka chumvi na kuhamia kwenye tabaka la maji. Tukaitenga, tukaitia asidi, ikarudi kuwa mafuta. Tone moja la kimanjano chini ya chupa. Dutu hiyo hiyo madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda, na bibi zetu waliipata kwa kubana karafuu kwenye jino linalouma.

Nilimweleza mwalimu habari za Wawi. Aliniomba niwaeleze wenzangu, nikasimama nikaeleza uchambuzi, majamvi, makonyo, kiwanda. Nilijua kitu katika chumba kile ambacho hakuna mwingine aliyekijua, na kilikuwa kemia. Kabla ya siku ile nilidhani sayansi ni mali ya waliochukua PCB. Tangu siku ile sijafikiri hivyo tena.

Nilipata pia mwenza wa kusoma. Ni mama wa Kikongo, mzaliwa wa Kivu ya Kusini, aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Skuli za kambini kwao zilifuata mtaala wa Kongo, kwa hiyo kemia yake aliisoma kwa Kifaransa. Yangu, ile kidogo ya kidato cha nne, ilikuwa kwa Kiingereza. Tunakutana Jumamosi maktaba, na tunachofanya ni kufundishana kwa Kiswahili. "Huyu elektroni anatoka hapa, anamshambulia huyu, huyu wa nyuma anaondoka." Ukiweza kuisema hatua nzima kwa Kiswahili bila kusoma daftari, umeielewa; ukikwama katikati, hujaielewa, hata kama mchoro wako ni sahihi. Kiswahili chake na changu si kimoja. Yeye anasema *batoto* pale ninaposema watoto, na hesabu anazitaja kwa Kifaransa akiharakisha, lakini hatujawahi kukosana katika mmenyuko hata mmoja. Yeye ananishinda kemia. Mimi namshinda hesabu, maana uhasibu haukuwa bure. Ni mtu niliyemwomba Mungu nipate wa namna yake kabla sijamfahamu.

Kazi ya usiku na darasa havigombani kama watu wanavyodhani. Usingizi ndio unaogombana navyo, na hilo sitalipunguza: kuna wiki za mitihani ambazo mwili unadai haki yake, na lazima upunguze zamu au upunguze masomo. Masomo mawili ya sayansi kwa muhula, ukiwa na kazi ya saa zote, ndiyo mwisho wa busara. Lakini wodi inafundisha. Usiku mmoja mgonjwa wetu wa kisukari alianza kupumua kwa nguvu na kwa haraka, pumzi ndefu mfululizo, na pumzi yake ikanuka tunda lililoiva. Muuguzi wa zamu aliita gari la wagonjwa mara moja. Niliondoka asubuhi nimeuona ule upumuaji, sijauelewa. Muhula ule ule tukafika kwenye bafa, yaani michanganyiko inayozuia asidi isipande ghafla. Kwa kipimo cha uasidi, pH, damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na miongoni mwa vinavyoishikilia pale ni asidi ya kaboni na baikaboneti. Mwili ukikosa insulini huchoma mafuta na kuzalisha asidi nyingi. Mapafu hujaribu kuokoa hali kwa kuitoa dioksidi ya kaboni haraka haraka, ili asidi ipungue. Mlinganyo ule ubaoni ulikuwa kifua cha mgonjwa wangu. Wenzangu waliandika. Mimi nilihitaji muda kabla sijaandika.

Nayasema haya kwa sababu fomu za maombi zitauliza kama umewahi kukaa na wagonjwa. Vijana wengi wa vyuo vikuu hutafuta nafasi za kujitolea hospitalini ili wapate cha kujibu. STNA ana miaka ya kuwalisha watu, kuwaosha, kuwasikiliza, na wakati mwingine kuwafumba macho. Kazi ile ambayo nyumbani wanaiita kubeba boksi ina thamani kamili katika safari hii, na asiwepo wa kukuambia uifiche.

Sasa nirudi kwenye swali la ami na wenzake, maana lina upande wa haki. Je, skuli za udaktari hazidharau koleji? Utafiti uliochapishwa 2014 katika jarida la Academic Medicine uliwatazama walioingia skuli za udaktari mwaka 2012. Asilimia 28 walikuwa wamepita koleji ya jamii kwa namna moja au nyingine: wengine wakiwa bado sekondari, wengine kwa masomo ya kiangazi, wengine baada ya shahada. Zaidi ya robo si watu wachache. Na waliopita koleji walikuwa wepesi zaidi kusema wanakusudia kwenda kutibu jamii zenye upungufu wa huduma. Lakini utafiti huo huo ulionesha kwamba waliotoka sekondari wakaanzia koleji kabla ya kuhamia chuo kikuu walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kukubaliwa kuliko wasiopita huko. Kwa maoni yangu hiyo ni dhuluma kwa watoto wa wasio na kitu, lakini ipo, na anayeingia safari hii aijue.

Ndiyo maana nasema ujue koleji inakufikisha wapi. Itakupa baiolojia, kemia ya jumla, fizikia, mara nyingi na kemia ogani. Baiokemia na fiziolojia za ngazi ya juu kwa kawaida haitakupa. Hizo nenda kazisome chuo kikuu cha miaka minne, upate A pale pia, na kamati ya udahili itakuwa na kitu cha kulinganisha na alama zako za koleji. Zipo skuli zinazokubali masomo yote ya sharti kutoka koleji, zipo zinazopendelea chuo kikuu, na zipo zinazosema wazi kwenye tovuti zao. Umoja wa vyuo vya udaktari, AAMC, una hifadhidata iitwayo MSAR inayoonesha sharti za kila skuli. Lipia, isome, kisha ziandikie barua pepe skuli tatu au nne za jimboni kwako. Hujibu. Barua ya ofisi ya udahili ina uzito kuliko maneno ya watu kumi mtandaoni.

Usidharau pia aina ya pili ya udaktari. Kuna MD, ule uliozoeleka, na kuna DO, udaktari wa osteopathi; wote wana leseni kamili ya kutibu, kupasua na kuandika dawa. Ohio University ina tawi la skuli yake ya DO pale Dublin, ubavuni mwa Columbus, tangu 2014. Wengi wa watu wetu hawajalisikia neno DO, na wanakata tamaa wakiwa wamebisha hodi upande mmoja tu.

Na alama ni alama. Walioingia skuli za MD mwaka 2023 walikuwa kama 23,000 kati ya waombaji zaidi ya 52,000, na wastani wao wa GPA ulikuwa karibu 3.8, MCAT karibu 512. B moja haimuui mtu. Lakini AMCAS huhesabu kila jaribio. Ukirudia somo, alama zote mbili zinaonekana. Ukiona muhula umekuelemea mapema, ni bora kuliacha somo kabla ya tarehe ya mwisho kuliko kung'ang'ania mpaka D.

Kuhusu barua za mapendekezo: skuli hutaka barua za walimu wa sayansi, na hapa koleji inakupa neema. Mwalimu aliyekuona kila wiki kwenye maabara anaweza kuandika ukurasa wa kweli juu yako. Lakini walimu wa muda huhama. Muombe barua muhula unapoisha, si miaka miwili baadaye.

Fedha za mbele zinanishughulisha kuliko fizikia. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeufuta mkopo wa serikali kuu uitwao Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, na kwa wanaosomea fani kama udaktari imeweka kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Skuli nyingi gharama yake ya miaka minne, ukijumlisha malazi na chakula, inavuka hapo. Kwetu Waislamu kuna na suala la riba juu yake, na hilo nimelipeleka kwa mashekhe wanaoijua nchi hii, silichukulii wepesi. Zipo skuli chache zisizotoza ada, kama NYU tangu 2018, Albert Einstein tangu 2024, na programu ya Cleveland Clinic hapa hapa Ohio, na ushindani wake ni mkali mno. Upo ufadhili wa National Health Service Corps kwa atakayekubali kwenda kufanya kazi kwenye upungufu wa madaktari, ila ni kwa raia. Kwa sababu hiyo naona kila dola usiyoikopa kwenye kemia ya mwaka wa kwanza ina kazi yake baadaye. Na mwenye viza ya mwanafunzi ajue mapema kwamba skuli nyingi hupokea raia na wenye grini kadi tu.

Wiki iliyopita alinipigia binti wa rafiki yangu, STNA mpya, ana cheti cha kidato cha sita kutoka Unguja. "Shikamoo dada." Marahaba. Hakuuliza kama inawezekana. Aliuliza aanze na somo gani, na nilifurahi mno, kwa sababu hilo ndilo swali lenye jibu.

Aanze na kemia. Baiolojia na fizikia unaweza kuzipachika popote, lakini kemia ni mnyororo: jumla ya kwanza, jumla ya pili, ogani ya kwanza, ogani ya pili, baiokemia. Mihula mitano, mmoja baada ya mwingine, hakuna wa kurukwa, na MCAT haifanyiki vizuri kabla ya wa mwisho. Kila muhula unaochelewa kuanza kemia ni muhula unaochelewa kuomba. Na kabla ya kemia kuna mtihani wa hesabu wa kupangiwa darasa. Ukianguka pale unaongezewa muhula mmoja au miwili ya aljebra kabla hawajakuruhusu kugusa maabara. Kwa hiyo nilimwambia achukue vitabu vyake vya hesabu vya kidato cha nne, arudie logi, vipeo na milinganyo mpaka aizoee tena, afanye mtihani huo mwezi wa tatu, na usajili wa muhula wa Agosti ukifunguliwa awe tayari siku ya kwanza. Madarasa ya kemia ya jioni ni machache, na hujaa kabla ya mengine yote.

Aliniuliza kama nina vitabu vya hesabu. Ninavyo, na ataupitia mzigo wake Jumamosi maktaba.